Uzi: Kabla ya kuagiza diski mpya ya anime au ya sayansi ya kubuni, uliza kwanza picha yake imetoka wapi

Na. 1, Mkusanyaji wa Upanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mwezi kampuni za Japani, Marekani na Uingereza hutangaza matoleo mapya ya anime, yaani katuni za Kijapani, na filamu za sayansi ya kubuni kwenye Blu-ray na 4K, diski zenye picha kali kuliko DVD, na kila mwezi napokea ujumbe wa faragha kutoka kwa wanajukwaa wanaotaka kujua kama toleo fulani linafaa kuagizwa. Ujumbe huja na picha ya kasha lenye rangi za kuvutia na muhuri wa dhahabu ulioandikwa 4K, na bei yake, ukijumlisha usafirishaji na ushuru, si ya kulipa huku unacheka. Mimi humjibu muulizaji kwa swali: picha iliyomo kwenye diski hiyo imetoka kwenye nini? Nimelirudia swali hilo kwa mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo nimeona nilieleze hapa mara moja, kwa urefu.

Anime nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilichorwa kwa mkono, zikapakwa rangi juu ya karatasi za plastiki angavu, kisha kila mchoro ukapigwa picha kwenye filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35 au 16. Filamu ya namna hiyo, ikiwa imetunzwa vizuri ghalani, imebeba mambo mengi ambayo runinga za wakati ule hazikuwa na uwezo wa kuyaonyesha. Filamu ya Akira, ambayo ilitoka mwaka 1988, ilipotolewa upya kwenye 4K nchini Japani mwezi Aprili 2020, mafundi walirudi kwenye filamu ya milimita 35 na kuiskani upya. Ukiitazama unaona chembechembe za filamu zikitetema juu ya anga la usiku, na mahali pengine unaona kabisa kwamba rangi ya ukuta ilipakwa kwa brashi. Hapo neno 4K lina maana, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuskani.

Sasa chukua mfululizo wa televisheni wa mwaka 2002 au 2003. Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 studio za Japani ziliweka brashi na plastiki kando, zikahamia kwenye kompyuta, na nyingi katika kazi za televisheni za kipindi kile zilikamilishwa kwa ukubwa wa runinga ya kawaida ya Japani, yaani mistari 480 tu kutoka juu hadi chini. Hakuna filamu iliyolala ghalani ikisubiri kuamshwa. Toleo lolote la Blu-ray la kazi kama hiyo ni picha ile ile ndogo iliyokuzwa kwa programu, na kukuza kuna ufundi wake: wengine wanakuza vizuri, wengine wanakuacha na mistari minene na nyuso zinazong'aa kama zimepakwa mafuta ya nazi. Ndiyo maana kazi ya mwaka 1988 inaweza kuonekana safi kuliko ya mwaka 2002, jambo ambalo wageni wengi wa ukusanyaji hukataa kuliamini hadi waone kwa macho yao.

Kwa wale wa sayansi ya kubuni, mfano ulio wazi ni mfululizo wa televisheni wa Star Trek: The Next Generation. Vipindi vyake 178 vilirekodiwa kwa filamu ya milimita 35 kati ya mwaka 1987 na 1994, lakini uhariri na picha za vyombo vya angani vilikamilishwa kwenye kanda ya video, na kanda hiyo ndiyo iliyorushwa hewani. Ili kupata Blu-ray zilizotoka kati ya mwaka 2012 na 2014, ilibidi wenye mali wazitafute filamu za mwanzo, wavihariri upya vipindi vyote na kuunganisha upya picha za angani, tabaka juu ya tabaka. Hiyo ni sawa na kuipika biriani upya kuanzia kuchambua mchele. Gharama yake ilikuwa kubwa, na mifululizo miwili iliyofuata, Deep Space Nine na Voyager, ambayo ilitengenezwa kwa mtindo ule ule, haijafanyiwa kazi hiyo hadi leo. Anayekuuzia "Blu-ray" ya mojawapo ya hiyo miwili anakuuzia picha iliyokuzwa, tena kwa njia ambayo si halali.

Babylon 5, mfululizo mwingine wa televisheni wa angani, imesimama katikati. Toleo lake la Blu-ray la Desemba 2023 lina sehemu za waigizaji zilizoskaniwa kutoka kwenye filamu, nazo ni nzuri, lakini vita vya angani vilitengenezwa kwa kompyuta za miaka ya 1990 kwa ukubwa mdogo, kwa hiyo vimekuzwa tu. Unaona mshono kila chombo kinapokatiza. Mimi nililinunua nikijua, na sijajuta.

Jambo la pili ni mipaka ya dunia. Lugha yetu inatuchezea hapa, kwa sababu kanda ni ile ya video, na kanda ni wingi wa ukanda. Nitasema "ukanda" nikimaanisha eneo la dunia. Kwa DVD, Afrika kwa sehemu kubwa iko ukanda wa 5, Marekani ukanda wa 1, Japani na Ulaya ukanda wa 2. Kwa Blu-ray, Marekani na Japani ziko pamoja kwenye ukanda A, na sisi tuko B pamoja na Ulaya, Mashariki ya Kati na Australia. Tazama nyuma ya kasha, chini kabisa, karibu na msimbo wa bei: kuna alama ndogo yenye namba kwa DVD, au herufi kwa Blu-ray. Kutoitazama alama hiyo kulinigharimu. Niliagiza diski kutoka Marekani kwa muuzaji ambaye tangazo lake lilisema "inacheza popote". Nilisubiri mzigo kwa wiki saba, nikalipa ushuru, nikafika nyumbani jioni, nikaisukuma diski kwenye deki. Deki ilinguruma kidogo, ikaitema diski, na kwenye runinga pakabaki sentensi moja nyeupe inayosema diski hii hairuhusiwi katika eneo hili. Watoto walikuwa wameshakaa mkekani na bisi zao.

Diski za 4K zenyewe hazina ukanda, na hiyo ni habari njema. Mtego uko kwingine: kasha la 4K mara nyingi lina diski ya pili ya Blu-ray ya kawaida, ambayo ndiyo iliyobeba mahojiano na nyongeza nyingine, na hiyo huweza kuwa na ukanda. Soma maelezo ya kila diski iliyomo, usisome ya kasha tu.

Jambo la tatu ni dogo, ila mimi linanikera kuliko yote. Filamu ya sinema huenda kwa picha 24 kwa sekunde. Runinga za mfumo wa PAL, ambao ulikuwa wetu na wa Waingereza, zilikwenda kwa picha 25, kwa hiyo DVD nyingi za Uingereza zilikimbiza filamu ili ilingane. Akira ina dakika 124. DVD yangu ya zamani ya Uingereza inaimaliza kwa dakika 119, na sauti za watu zimepanda kidogo kama walioamka na haraka. Blu-ray imeliondoa tatizo hilo kwa filamu nyingi. Nimeagiza toleo la 4K na mzigo uko njiani, nitaleta mrejesho hapa hapa.

Na. 2, Binti Kisauni

Ahsante kwa somo, ndugu yangu. Naandika kutoka Mombasa. Nina maswali mawili. La kwanza, nina PlayStation 4 Pro, na kijana wa dukani aliniambia kwamba kwa kuwa inatoa picha ya 4K basi itasoma diski za 4K. La pili, na hili usinikasirikie: kwa nini nihangaike na bandari, ushuru na alama za nyuma ya kasha, hali naweza kulipia huduma ya mtandaoni kwa mwezi na kutazama yote hayo nikiwa kitandani?

Na. 3, Mkusanyaji wa Upanga

Dada, siwezi kukukasirikia kwa swali nililojiuliza mwenyewe mara nyingi. Kuhusu mashine, kijana wa dukani amekosea. PlayStation 4 Pro haisomi diski za 4K kabisa. Inasoma Blu-ray na DVD tu. PlayStation 5 inazisoma ikiwa ni ile yenye tundu la diski, na upande wa Xbox, One S ya mwaka 2016 na Series X zinazisoma pia. Kwa mashine uliyo nayo, nunua Blu-ray ya kawaida ya ukanda B na utulie. Kama filamu iliskaniwa vizuri, ile Blu-ray ya kawaida iliyotokana na kazi hiyo hiyo itakuridhisha kwa runinga nyingi za sebuleni.

Kuhusu huduma za mtandaoni, mimi nazilipia, na anime mpya ya kila wiki siitazami kwa njia nyingine. Kuna mambo mawili tu yaliyonifanya nisiache diski. La kwanza ni Evangelion, mfululizo wa anime. Ilipoingia Netflix mwezi Juni 2019, watazamaji wa nje ya Japani walikuta wimbo wa kufungia kila kipindi, Fly Me to the Moon, umeondolewa na mahali pake pamewekwa muziki mwingine. Toleo la Blu-ray la kampuni ya GKIDS la mwaka 2021 nalo halina wimbo huo. Mwenye DVD za zamani za Marekani, zile za kampuni ya ADV, anao. Hapa, kwa hiyo, diski mpya ina picha bora na diski ya zamani ina kazi ilivyokuwa, na mimi nimeziweka zote mbili kwenye rafu moja.

La pili ni Funimation. Kampuni hiyo ya Marekani kwa miaka mingi iliweka ndani ya makasha yake karatasi yenye msimbo, ukiuandika mtandaoni unapata nakala ya kidijitali, na wateja waliambiwa nakala hizo watakuwa nazo daima, ingawa kwa masharti fulani. Sony, iliyokuwa tayari inaimiliki Funimation, ilipoinunua Crunchyroll, huduma nyingine ya anime mtandaoni, mwaka 2021 na huduma hizo mbili zikaunganishwa, ikatangazwa kwamba Funimation itafungwa tarehe 2 Aprili 2024 na kwamba nakala hizo hazitahamishwa. Siku ilifika, zikapotea. Diski zilizokuwa kwenye makasha yale yale zinaendelea kucheza.

Na. 4, Mwana wa Matrah

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati, na nina nyongeza kwa ndugu wanaoletewa mashine na jamaa zao wa Ghuba. PlayStation iliyotengenezwa kwa soko la Mashariki ya Kati ina Blu-ray ya ukanda B, kama ya kwenu, lakini kwa DVD ina ukanda wa 2, kwa kuwa huku tumewekwa pamoja na Ulaya na Japani. Maana yake ni kwamba DVD ya Uingereza itacheza kwenye mashine iliyotoka Dubai, na huenda ikakataa kwenye deki iliyonunuliwa huko Afrika Mashariki ikiwa na ukanda wa 5. Angalizo ni kwamba maduka ya huku huuza pia mashine zilizoingizwa kutoka Marekani na Japani, na hizo zina kanda za kwao. Michezo itacheza yote, kwa hiyo mtu anaweza kukaa miaka bila kujua, hadi siku atakapoingiza filamu.

Ningependa pia mwanzisha uzi aeleze jambo moja: kwa nini diski za Japani zina bei ya kutisha namna ile?

Na. 5, Mkusanyaji wa Upanga

Waalaykum salaam, Mwana wa Matrah. Nyongeza yako imenifaa hata mimi.

Bei ya Japani ina historia yake. Kuanzia mwaka 1983, ilipotoka Dallos, hadithi ya wakazi wa Mwezini iliyoongozwa na Mamoru Oshii, studio zilianza kutengeneza anime za kuuzwa moja kwa moja kwenye kanda za video, bila kupita kwenye televisheni wala sinema. Wanunuzi walikuwa wachache ila waliojitolea, na maduka ya kukodisha nayo yakinunua, hivyo kanda moja ya nusu saa au saa moja iliuzwa kwa bei kubwa ili gharama zirudi. Legend of the Galactic Heroes, vita vya nyota vyenye vipindi vikuu 110, iliwafikia mashabiki wake kwa kanda zilizotumwa kwa posta kwa waliojiandikisha, kuanzia mwaka 1988. Mazoea hayo hayakufa na kanda: hata leo diski ya Kijapani yenye vipindi viwili au vitatu huweza kuuzwa kwa yen 6,000 au zaidi, hali Mmarekani kwa fedha hiyo anapata nusu ya msimu.

Na kwa kuwa Blu-ray imeziweka Japani na Marekani kwenye ukanda mmoja, Wajapani wenyewe wanaweza kuagiza diski za Marekani na kuzicheza nyumbani. Wenye haki wamejikinga kwa njia inayotuumiza sisi tusiohusika: katika baadhi ya diski za Marekani huwezi kuyazima maandishi ya Kiingereza ukichagua sauti ya Kijapani. Usidhani deki yako ni mbovu.

Na. 6, Deki Mbovu

Wakuu, naomba nizungumze kwa niaba ya sisi tuliolelewa na vibanda umiza. Anime ya kwanza niliyoiona ilikuwa kwenye DVD ya mitaani yenye filamu ishirini ndani ya diski moja, picha imejaa vidirisha kila mtu akikimbia, na bado niliipenda hadi leo. Je, ni kweli kwamba diski zile hazina thamani yoyote? Na kwa mtu mwenye fedha ya kununua toleo moja tu kwa mwaka, aanze na lipi?

Na. 7, Mkusanyaji wa Upanga

Mkuu, vile vidirisha vina sababu. DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7, na filamu moja iliyowekwa kwa heshima huweza kuimaliza nafasi hiyo peke yake. Ukizibana ishirini, kila filamu inapata kipande kidogo sana, na mtu akikimbia, yaani picha inapobadilika kwa haraka, hesabu inazidiwa na uso unageuka matofali. Blu-ray ina gigabaiti 25 au 50, na diski za 4K hufika 100. Ila uwingi wa vipindi peke yake si ushahidi wa wizi. Kampuni ya Discotek Media ya Marekani huchukua mifululizo ya zamani ambayo ubora wake hauwezi kupanda, ikaweka makumi ya vipindi kwenye Blu-ray moja bila kuikuza picha, na inasema hivyo waziwazi. Mimi namheshimu muuzaji wa namna hiyo kuliko yule wa muhuri wa dhahabu.

Kuhusu toleo moja kwa mwaka: ikiwa una deki ya 4K, Ghost in the Shell ya mwaka 1995 imetoka kwenye 4K tangu mwaka 2020, nayo ilichorwa kwa mkono na kupigwa kwenye filamu kwa sehemu kubwa. Hakikisha tu hununui ile iitwayo 2.0, ya mwaka 2008, ambamo baadhi ya sehemu zilizochorwa ziling'olewa zikawekwa za kompyuta. Majina yanafanana na makasha yanafanana. Ikiwa una deki ya Blu-ray pekee, tafuta matoleo ya Anime Limited ya Glasgow, kwa kuwa mengi ni ya ukanda B na maandishi yake ya Kiingereza hayana shida.

Na. 8, Msafiri wa Leicester

Naomba nichangie moja kuhusu chanzo cha picha, kwa sababu linagusa bara letu. Miaka ya 1960 na 1970 BBC ilifuta kanda nyingi za Doctor Who, mfululizo wake wa sayansi ya kubuni, ili zitumike tena, na vipindi zaidi ya 100 vikatoweka. Kabla ya kufutwa, nakala za filamu ya milimita 16 zilikuwa zimeuzwa kwa vituo vya televisheni vya nchi za nje, zikiwemo za Afrika, ambavyo vilitakiwa kuziteketeza au kuzipeleka kwa kituo kingine baada ya kuzirusha. Mwezi Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba mtafutaji filamu Philip Morris alizikuta nakala katika mji wa Jos, Nigeria, zenye vipindi tisa vilivyokuwa vimepotea, vya mwaka 1967 na 1968. Hadithi nzima ya The Enemy of the World ikakamilika, na ile ya The Web of Fear ikabaki na pengo la kipindi kimoja, cha tatu. DVD ninayoishika hapa sebuleni kwangu, Uingereza, picha yake imetoka kwenye makopo yaliyokaa kwenye rafu Afrika Magharibi.

Na. 9, Mkusanyaji wa Upanga

Ndugu Msafiri, hilo nililijua kwa juujuu tu, na umenifanya niiagize. Kumbuka lakini kuwaambia wenzetu kwamba DVD hiyo ni ya ukanda wa 2, wasije wakakaa mkekani na bisi kama wanangu.

Na. 10, Mkusanyaji wa Upanga

Mrejesho niliouahidi. Mzigo wa Akira umefika leo asubuhi, kona moja ya kasha imebonyea, diski ni nzima. Diski ya 4K imekubali bila maneno. Ile ya Blu-ray iliyo kasha moja nayo ni ya ukanda A, na deki imeitema kama nilivyotarajia, kwa hiyo mahojiano sitayaona hadi nipate mashine nyingine. Mwanangu mkubwa ndiye aliyeshika saa. Tulianza saa mbili na dakika kumi usiku, na maandishi ya mwisho yalipokwisha alisoma kwa sauti: dakika 124.